Mama Wino na Kipimo cha Kimya

Mama yetu mpendwa, ambaye wilaya nzima ilimwita Mama Wino, alizaliwa tarehe 9 Machi 1948, mtoto wa tatu wa fundi saa na mkunga. Alisoma hadi darasa la nane, akawa wa kwanza kwa mwandiko na wa mwisho kwa hesabu, jambo ambalo mwenyewe hakulificha.

Mwaka 1967 aliajiriwa kuwa karani wa masjala katika ofisi ya wilaya. Huko ndiko kikundi cha wapiga fidla kilikomkuta. Walikuwa na ala saba na hamu isiyo na kifani, ila karatasi za muziki waliziazima mjini, na zilipaswa kurudi na basi la kesho yake. Yeye hakujua kupiga hata filimbi. Alichora mistari mitano mitano kwa rula, akanakili nota moja moja, kwa miaka arobaini na mmoja. Madaftari 212 yamo kabatini mwake. Kila utunzi wa kale uliowahi kusikika katika milima hii ulipitia kwanza kwenye kalamu yake.

Tarehe 18 Desemba 1971 alifunga ndoa na seremala, mpiga selo wa kikundi hicho, ile fidla kubwa inayosimamishwa sakafuni, aliyeichonga selo hiyo kwa mbao za kabati la bibi yake. "Nimeolewa na kabati," alizoea kusema, "tena linanguruma."

Aprili 1973, Mama akiwa ananakili utunzi mmoja mrefu wa huzuni, kifungua mimba wake, ambaye ndiye anayewasomea wasifu huu, alilia. Mama alimnyonyesha, akarudi mezani, na bila kujua akaandika kipimo kizima cha kimya, nafasi ambayo hapigwi nota hata moja, mahali ambapo mtunzi hakukiweka. Wapigaji wakakitii. Pinde zote zikainuka, zikasimama hewani, na ukumbi mzima ukazuia pumzi. Tangu hapo watu walitembea kutoka ng'ambo ya mto kuja kuusikiliza utunzi huo.

Mwaka 1999 kikaja kitabu cha chapa chenye utunzi huo, kosa likaonekana. Mama hakula siku mbili. Mwandiko mwaminifu ndio heshima pekee aliyojidai kuwa nayo. Alishika kifutio akapita nyumba kwa nyumba akizidai karatasi zake. Fundi cherehani, kiongozi wa fidla, alimfungia mlango, akasemea dirishani.

"Shemeji, hicho kimya ndicho watu wanachokifuata."

"Ni kosa langu."

"Basi kosea tena."

Mwaka 2016 mikono yake ilianza kutetemeka, na Juni 2023 nimonia ikamlaza wodini. Aliusia jambo moja tu: azikwe kwa muziki uliosahihishwa. Safari hii fundi cherehani alikubali. Alikwenda na fidla yake, akampigia kama kitabu kisemavyo. Alipopapita pale penye kimya bila kusimama, Mama alifumbua macho.

"Unakimbilia wapi, shemeji?"

"Nafuata kitabu."

"Rudi. Umeniruka."

Akarudi, akapiga kwa mwandiko wa Mama, akasimama pale Mama alipoandika kimya. Mama alitabasamu. Alfajiri ya tarehe 14 Juni alituaga, akiwa na umri wa miaka 75.

Ameacha mume, watoto wanne, wajukuu tisa, kitukuu mmoja na wapiga fidla wake. Sasa hivi watapiga utunzi ule. Pinde zitakaposimama hewani, tunaomba mtu asikohoe, wala asidhani umekwisha. Hapo ndipo alipo. Apumzike humo kwa amani.