Kijiti cha Fundi Sikio

Marehemu, ambaye wengi wetu tulimwita Fundi Sikio, alizaliwa tarehe 9 Juni 1957, mtoto wa tatu wa mshona viatu na mkunga. Mama yake alikuwa akisema huyu alitoka tumboni akilalamika.

Alisoma shule ya msingi karibu na nyumbani, kisha chuo cha ufundi, akahitimu umakanika mwaka 1978.

Mwaka uliofuata aliajiriwa kwenye kiwanda cha pampu za maji za magari, chumba cha majaribio, na hakuondoka mpaka alipostaafu. Kazi yake ilikuwa kuziendesha pampu kwa maji ya moto, mfululizo, mpaka sili inayozuia maji ivuje au beringi inayobeba mhimili ife. Aliegemeza kijiti kigumu kwenye pampu, ncha ya pili sikioni, akasikiliza. Wenzake walimcheka, lakini hawakuondoka kabla hajasema neno. Kilichomchefua ni mtu kusema "inazunguka vizuri" bila kusikiliza. Rafiki yake wa chanda na pete alisema hivyo siku moja ili zamu iishe. Marehemu akamfokea: "Watu wakwame njiani na watoto, injini inachemka, kisa wewe una usingizi?" Alimnunia miezi, ingawa ndiye aliyemsimamia harusi.

Harusi hiyo ilikuwa tarehe 4 Agosti 1984, alipomwoa karani wa stoo ya kiwanda, mwanamke pekee aliyethubutu kumnyima vipuri. Walijaliwa mabinti wawili na mvulana.

Mwaka 2021 moyo ulianza kumsumbua. Alibadilishiwa valvu, akapata nafuu, kisha miguu ikavimba tena. Madaktari walisema misuli ya moyo imechoka. Upasuaji wa pili ungeweza kujaribiwa, lakini hawakuahidi kitu. Akakataa.

"Sili mpya kwenye beringi iliyolegea, ya nini? Nirudisheni nyumbani."

"Wewe si pampu, bwana!" mkewe alimfokea pale wodini, machozi yakimtoka. "Una mke!"

Alimbembeleza, akamgombeza, akashindwa. Alimrudisha nyumbani akiwa na hasira naye, na hasira hiyo hakuificha.

Asubuhi ya tarehe 17 Februari 2023, marehemu aliomba kijiti chake. Mkewe akakiegemeza kifuani pa mumewe, akatega sikio. Moyo ulipiga, ukasita, ukakwaruza, ukapiga tena.

"Vipi?" marehemu akauliza.

"Inazunguka vizuri."

Hakuna aliyewahi kumwambia hivyo akasalimika. Safari hii alitabasamu.

"Mwongo wee," akasema, akamshika mkono.

Moyo ulisimama kijiti kikiwa bado sikioni mwa mkewe. Aliendelea kusikiliza mpaka binti yao mkubwa alipokuja kumwinua.

Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu wanne, dada mmoja, na msimamizi wake wa harusi, ambaye leo amebeba jeneza. Kiwanda kimekiomba kijiti kikatundikwe ukutani. Mjane amekataa, na wasimuulize tena.

Lala, Fundi. Mungu akupe utulivu ambao mashine hazikukupa.