Mama Apoka na Stendi Aliyonyimwa

Mama Apoka Ayamga, mpiga picha wa gazeti letu la Alfajiri hapa Bolgatanga, anastaafu leo Ijumaa, tarehe 28 Novemba 2025, baada ya miaka ishirini na tisa ya kazi. Ana miaka hamsini na minane. Wengine hapa tunasubiri sitini. Kwa nini yeye anatangulia nitaeleza, kwa kuwa nimepewa kazi ya kuandika wasifu huu na kuusoma, na hakuna aliyeomba kuupitia kwanza.

Alipoanza alipewa kamera nzito bila stendi ya miguu mitatu ya kuisimamishia. Akajitengenezea njia zake. Alishona kifuko cha kitambaa, akakijaza mtama, akakilaza ukutani au juu ya tangi la pikipiki, na kamera ikatulia hapo. Pasipo na ukuta alifunga kamba chini ya kamera, akakanyaga ncha ya pili na kuivuta mpaka ikakaza. Kamba ikikosekana alijifunga mbeleko kifuani, viwiko vikabanwa mbavuni, akazuia pumzi. Picha zake za wasusi wa vikapu, zilizopigwa ndani ya nyumba ambamo mwanga unapita mlangoni tu, zilitoka safi kabisa.

Siku moja kwenye baraza la chifu wa Tongo, kanga wanaofugwa pale walikitoboa kifuko katikati ya hotuba. Wazee walijitahidi wasicheke, wakashindwa. Mama Apoka aliwaachia mtama wao, akavua kilemba, akakijaza mchanga na kuendelea na kazi.

"Kanga wangu wameshiba, mama," chifu alimwambia. "Kesho uje na mahindi, na kuku nao wale."

Kila Januari aliandika ombi la stendi. Ombi lilipita mezani kwangu, mimi Atubiga, mtunza bohari. Kila mwaka nililikata kwa kalamu nyekundu na kuandika: "Anaweza bila." Mhariri wetu mkuu, Bwana Akolgo, aliyapenda sana maneno hayo. Wageni wakija kutoka Accra aliwaonyesha kifuko kwa majivuno, kana kwamba ni yeye aliyekishona. "Sisi huku hatulialii, tunabuni," aliwaambia. Mwenye kifuko alikuwa amesimama nyuma, hakuulizwa neno.

Mwaka jana mikono yake ilianza kutetemeka, na daktari akasema haitapona. Kifuko kinataka mkono imara wa kuishikilia kamera ielekee unakotaka. Stendi ukishaikaza inabaki pale pale, unabonyeza kwa waya ukiwa mbali. Mama Apoka alilijua hilo, na Januari hii alilileta ombi mwenyewe.

"Atubiga mdogo wangu," alisema, "safari hii siliombei gazeti. Najiombea mimi, nimalize miaka yangu miwili."

"Dada, wewe ndiye stendi yenyewe," nilimjibu.

Nilicheka, nikachukua kalamu yangu. Naona aibu kuyaandika haya, na nitaona aibu zaidi kuyasoma huku ananitazama.

Mwezi Agosti alipata barua kwamba picha zake zimeanza kutikisika, hivyo apumzike. Wiki iliyopita nilipokea stendi mpya kabisa, ya mpiga picha anayeshika nafasi yake. Huyo bwana hata hajaanza kazi, wala hakuiomba. Saini ya kuipokea ni yangu.

Baada ya chakula tutapiga picha ya pamoja, na kamera itakaa kwenye stendi hiyo. Bwana Akolgo ameagiza Mama Apoka ashikishwe cheti kikubwa chenye fremu, mkono huku na mkono huku. "Mikono yake isituharibie picha," aliniambia jana. Cheti kiko boharini, nimekifungia, na leo hakitoki.

Mama Apoka, tunakushukuru kwa kila picha. Nyumbani kwako kuwe na amani, na miaka iliyobaki ikutendee wema kuliko sisi tulivyokutendea. Sikuombi msamaha mbele ya watu, maana ungelazimika kuutoa. Nakuomba tu usimame katikati yetu, mikono yako mbele, uiache itetemeke. Sisi wengine tutatulia tuli, kama tulivyotulia miaka yote hii.