Uovu Nitaufanya, Uchawi Sifanyi

Mheshimiwa mgeni rasmi. Baba Paroko uliyetuazima ukumbi huu. Wazee wangu, shikamooni. Viongozi wa michezo mliotoka Nkasi na Kalambo. Ndugu wageni waalikwa. Na ninyi vijana mliosimama juu ya viti kule nyuma, mambo vipi!

Mimi ni Dominika. Ulingoni mmenijua kwa jina la Nuru, yule wa mavazi meupe, anayepigwa mpaka watoto wanalia, kisha anashinda. Nimepewa heshima ya kumuaga mwenzangu Marsiana, ambaye leo anastaafu mieleka. Kabla sijapanda hapa, ndugu mmoja wa kamati amenivuta pembeni akaniambia, "Dada Dominika, sema mazuri tu. Ile habari ya radi iache, tuna mgeni." Nimemsikia, na ninamheshimu. Lakini sitaiacha.

Kwa nini niiache? Nani kati yetu hajawahi kutaja kwao akiwa ugenini, akaona mtu anasogeza kiti? Umefika Dodoma, umesema natoka Sumbawanga, mtu anacheka: "Mh, kwa wachawi! Usije ukanipiga radi." Nawe ukacheka naye ili yaishe. Basi Marsiana hayakumwishia. Yeye alivalishwa mzaha huo mwilini akazungushwa nao mikoani.

Huyu ni mzaliwa wa Kate, binti wa wakulima wa mahindi na ulezi, na mabega yake mnayaona. Tulikutana Mbeya, katika kundi la mieleka ya maonyesho la promota mmoja aitwaye Shigela. Kwa wasioujua mchezo wetu niseme: mieleka hii ina hadithi, na mshindi hupangwa, lakini kuanguka ni kuanguka kweli, na mgongo haujui kama ni maonyesho. Lazima awepo shujaa, lazima awepo mwovu, na ugomvi wao uvutwe mwaka hadi mwaka. Leo kaniibia mkanda wa ubingwa, kesho nimeurudisha. Shigela alimuuliza Marsiana anatoka wapi. Aliposikia, akapiga makofi. "Basi nimempata Mama Radi!"

Wakamvisha kaniki, wakampa kibuyu. Akikiinua, taa zinazimika, bati linanguruma nyuma ya pazia, na taa zikiwaka Nuru yuko chini hajiwezi. Watu walimchukia! Iringa walimrushia magunzi. Singida mama mmoja alimtemea mate stendi, Marsiana akajifuta na kuniambia, "Umeona? Jana nilifanya kazi nzuri."

Na niwaambie jambo ambalo ninyi hamkuliona. Kila aliponinyanyua juu ili anibwage, mkono wake mmoja ulikuwa chini ya kisogo changu. Ninyi mliona mwovu anamuua Nuru. Mimi niliusikia ule mkono. Ninatembea leo kwa sababu yake.

Masika moja radi ilipiga Kate, ikaua ng'ombe wa jirani. Je, radi ni ngeni Ufipa? Lakini vijana walikwenda kwa Mama Avelina, mama yake Marsiana, mjane, wakiwa na simu yenye picha ya bintiye ameinua kibuyu. "Mwanao huyu hapa. Nani amemfundisha kama si wewe?" Wakabomoa jiko lake, wakang'oa mlango wa nyumba, wakaondoka nao. Mama akaondoka na kitenge alichovaa, akateremka mpaka Kipili kwa mdogo wake. Mtu wa jembe, akawa anaanika dagaa wa watu kando ya ziwa.

Marsiana alimwendea Shigela, nami nilikuwepo.

"Kaka Shigela, nibadilishie jina. Mama yangu amefukuzwa kwake."

"Pole sana, dada. Lakini jina hilo ndilo linalojaza ukumbi."

"Nitakuwa mwovu wa aina nyingine yoyote."

"Mwovu wa Sumbawanga asiye mchawi? Nani atamwamini?"

Tena akaongeza. Onyesho lililofuata lilikuwa mjini hapa Sumbawanga, na alitaka nimshinde Marsiana, kisha Marsiana apige magoti akiri uchawi, nami nikivunje kile kibuyu. "Watu watalia," alisema. Watu gani? Watu wa kwao!

Siku hiyo ukumbi ulifurika. Ulikuwa mchana, madirisha yamezibwa kwa maturubai. Marsiana aliingia na kaniki yake, wakamzomea, naye akachukua kipaza sauti. Akaivua ile kaniki mbele yao, akabaki na fulana.

"Naitwa Marsiana," akasema. "Mama yangu ni Avelina wa Kate, mkulima wa ulezi. Teodori! Hebu toka huko nyuma watu wakuone."

Teodori alikuwa fundi umeme wetu. Akatoka anafikicha macho.

"Zima." Giza. "Washa." Mwanga. "Piga bati." Bati likanguruma. "Hiyo ndiyo radi yangu. Kila aliyeiogopa, amemwogopa Teodori."

Kisha bibi mmoja wa mstari wa mbele akaangua kicheko, na ukumbi mzima ukamfuata. Shigela alikuwa mlangoni anapiga kelele kipaza sauti kikatwe. Teodori, ambaye ndiye mwenye swichi, akafunga mikono kifuani.

Mimi nilimnong'oneza, "Dada, sasa tufanyeje?"

"Tupigane. Watu wamekuja kuona mwovu anaanguka, nami nitaanguka. Kukiri tu ndiko sikiri."

Na akaanguka. Nilimlalia, mwamuzi akaanza kuhesabu, na nikasikia jambo ambalo sikuwahi kulisikia: ukumbi unaita kwa sauti moja, "Marsiana, inuka! Marsiana, inuka!" Hakuinuka. Kazi ni kazi.

Shigela alitufukuza sisi watatu, na Teodori akiwemo. Ndipo tukaanzisha klabu hii mnayoiona. Nilimwambia Marsiana, sasa zamu yako kuwa shujaa. Akanitazama. "Na mwovu awe nani? Wewe, na sura yako hiyo ya kwenda misa? Uovu nitaufanya, uchawi sifanyi."

Hivyo akazaliwa Bi Jeuri, mvuta nywele, mwizi wa mikanda, mtukana waamuzi. Ilemba wanamchukia, Namanyere wanamchukia, na hakuna mtu aliyewahi kubomolewa jiko kwa ajili yake.

Kisha akasema twende Kate. Tulimwonya. Akasema, "Pale pale." Ulingo ukafungwa kwenye uwanja wa mpira. Mama Avelina alipanda kutoka Kipili kwa lori, akakaa kiti cha mbele. Kijana mmoja wa wale wale akamsogelea ameinamisha kichwa. "Shikamoo, mama."

Mama hakuitikia. Akamuuliza, "Mlango wangu uko wapi?"

Ndugu zangu, kabla pambano halijaisha mlango ulikuwa umeletwa, umebebwa kichwani. Ndipo mama akaitikia marahaba. Na Bi Jeuri aliponikamata nywele, mama huyo alisimama juu ya kiti akamzomea mwanawe kwa Kifipa, kuwapita wote uwanjani! Yuko hapa leo. Mama, simama wakuone.

Sasa nageukia mgeni mmoja aliyekaa karibu na mlango. Jina sitalitaja. Ni promota mwingine, na wiki hii amemtaka Coleta, binti wa klabu yetu, aende mikoa mingine akaitwe Mchawi wa Rukwa. Ndugu, karibu Sumbawanga, kula ugali wa ulezi ushibe. Coleta amekwisha kukujibu hapana, nami nakujibu hapana kwa kipaza sauti. Ukitaka waovu, tunao: wezi, waongo, wenye majivuno, tena hodari. Wachawi wa kuuza hatuna.

Mheshimiwa mgeni rasmi, ratiba inasema hapa niongoze makofi. Makofi ni malipo ya shujaa, na mimi nimeyapata miaka yote hii, mengi kuliko stahili yangu. Mwovu hulipwa kwa sarafu nyingine, na aliyeifanya kazi yake kwa uaminifu hapaswi kuondoka bila hiyo. Nawashukuru kwa kunitegea sikio hata nilipokataa kunyamazishwa. Sasa wazee kwa vijana, nawe Baba Paroko, usione haya: inukeni nyote, vuteni pumzi, na mzomeeni Marsiana mpaka mabati ya ukumbi huu yatikisike!