Bi Eufrazia na Kurasa Sitini na Nne

Ni Jumapili asubuhi, wasikilizaji wapendwa. Kama chai iko jikoni, iache ichemke taratibu, wewe vuta kiti usogee. Leo tunamkumbuka Bi Eufrazia Ndunguru wa Temeke, tuliyemzika Alhamisi iliyopita, akiwa na umri wa miaka themanini na minne.

Majirani wengi mnamkumbuka kwa vitumbua vyake na kwa sauti yake kanisani. Wachache mnajua kwamba mwaka 1952, enzi za Mwingereza, mama huyu alifukuzwa kazi kwa sababu ya daftari. Narudia: alifukuzwa kwa sababu ya daftari. Na mwenyewe, hadi uzeeni, alikuwa akiisimulia habari hiyo huku anacheka.

Eufrazia alizaliwa upande wa Songea, akasoma kwa masista, akafundisha watoto wa darasa la kwanza miaka minne. Kisha akaolewa na Albano, fundi seremala, wakaja Dar es Salaam na kupanga chumba Temeke. Temeke ya wakati ule ilikuwa mikorosho na nyumba za udongo, na maji uliyafuata mbali.

Mwaka huo wa 1952 alifika mtafiti mmoja Mwingereza, Bi Harcourt. Alitaka kujua familia za pembeni mwa mji zinaishije. Wanakula nini? Wanalala wangapi? Watoto wanaugua nini? Alihitaji mwanamke wa kuingia majumbani, anayejua kuandika na anayejua kubisha hodi. Akampata Eufrazia. Nyumba zilikuwa sitini na nne, za Temeke na Mtoni. Sitini na nne, wasikilizaji, na kila moja aliipigia hodi mwenyewe.

Wiki ya kwanza tu akaona kasoro. Fomu iliuliza, "Mnapika makopo mangapi ya unga kwa siku?" Nyumba moja kopo lao lilikuwa la maziwa, dogo. Nyumba ya pili lilikuwa la samli, kubwa mara mbili. Nyumba ya tatu lilikuwa limebonyea kama limekanyagwa na ng'ombe. Wote walimjibu "matatu", naye akaandika matatu, matatu, matatu. Jioni akamwambia mumewe, "Baba Rosalia, leo nimeandika uongo siku nzima, na hakuna aliyenidanganya."

Kesho yake akatoka na kopo lake mwenyewe. Kopo moja kwa nyumba zote. Unga ulimiminwa mbele ya mwenye nyumba, ukapimwa, ukapimwa tena, ukarudishwa chunguni. Bi Harcourt alipoona alifurahi sana.

Lakini kopo nalo halikumaliza kazi. Siku hiyo Eufrazia alikuwa Mtoni, kwa mwanamke aliyeitwa Zuena. Zuena alisema nyumba ina watu wanne: yeye, mume, na watoto wawili. Unga ukapimwa, ukafika makopo nane. Eufrazia akatazama ukutani, akaona mikeka tisa imekunjwa.

"Mwenzangu," akasema, "watu wanne gani hawa wanaomaliza makopo nane?"

Zuena akacheka. Kisha akashusha sauti. "Dada, mie nikikwambia ukweli, kesho lori litasimama mlangoni hapa."

Wasikilizaji wapendwa, siku hizo ilikuwapo misako. Mtu asiye na kazi wala kipande, kile cheti cha ajira, aliweza kupakiwa kwenye lori na kurudishwa kwao, hata kama kwao hana tena shamba. Zuena alikuwa anawahifadhi ndugu saba wa mumewe kutoka Rufiji. Kila alfajiri walikwenda bandarini kusubiri kibarua.

Eufrazia akaweka kalamu chini. Akamweleza kwamba kwenye fomu hakuna jina, kuna namba tu. Majina yako kwenye daftari lake, kila nyumba na ukurasa wake, ili akirudi baada ya miezi mitatu ajue namba ipi ni ya nani. Daftari linalala sandukuni kwake, chini ya kufuli. "Na kama hutaki, useme tu hutaki. Nitaaga niende zangu, na hakuna litakalokupata."

"Kwa Mungu wako?"

"Kwa Mungu wangu."

"Basi andika kumi na mmoja," akasema Zuena.

Hapo Eufrazia akaelewa jambo alilolifundisha maisha yake yote. Binti yake, Rosalia, alitueleza hivi juzi msibani: "Mama alikuwa akisema, kopo langu lilikuwa sawa kabisa, lakini nilikuwa nagawa kwa watu wanne chakula cha watu kumi na mmoja. Kipimo kizuri, jibu bovu." Akarudi nyumba zote alizokwishapita. Safari hii hakuuliza mko wangapi. Aliuliza, "Nani wameamka hapa leo?" Na kila alikotoa ahadi ile, hesabu ilipanda.

Ikapanda mno. Bi Harcourt akaitaja kwenye barua zake za kazi, na barua zikasomwa mahali pengine. Jumanne moja akaja bwana mmoja kutoka ofisi ambayo leo sina sababu ya kuitaja. Alitaka kujua ni nyumba zipi zenye wageni wengi hivyo. Alitaka daftari.

Bi Harcourt alibabaika. Hakuwa mtu mbaya, lakini kibali chake cha utafiti kilitegemea watu kama huyo bwana. Akamwambia Eufrazia, "Lete daftari Jumamosi." Akasema huku anatazama dirishani.

Eufrazia alirudi nyumbani kwa miguu. Watoto wawili, mume ambaye kazi zake ni za msimu, na kazi hii ndiyo iliyokuwa ikiwalisha. Alimweleza Albano yote. Albano akaendelea kupiga randa kwa muda, kisha akauliza, "Ahadi uliitoa wewe au aliitoa Mzungu?"

"Niliitoa mie."

"Basi wajua la kufanya, Mama Rosalia. Tutakula tulichonacho."

Jumatano asubuhi akaanza. Alipiga hodi nyumba ya kwanza, akafungua daftari, akachana ukurasa mmoja, akampa mwenyewe. "Huu una jina lako na namba yako. Ni mali yako. Uchome, uufiche, ufungie karanga, shauri yako." Nyumba ya pili, vilevile. Siku tatu, Temeke hadi Mtoni, jua la Februari likiwaka utosini. Mzee mmoja, Mwinshehe, alipokea ukurasa wake akauliza, "Mwanangu, na kazi yako je?"

"Nitatafuta nyingine, baba."

"Basi kaa kwanza unywe uji."

Akakaa, akanywa. Kisha akainuka, akaenda nyumba iliyofuata.

Jumamosi aliweka daftari mezani. Lilikuwa majalada mawili na uzi.

"Kurasa ziko wapi?" akauliza yule bwana.

"Zimerudi kwa wenyewe."

"Wewe ni mwajiriwa hapa!"

"Ndiyo, bwana. Lakini hawakuzungumza na ofisi. Walizungumza na mie."

Akafukuzwa saa ileile. Wiki iliyofuata lori lilipita Mtoni. Lilikwenda, likarudi, halikujua lisimame wapi. Likaondoka tupu.

Ikapita miezi mitatu, ikafika zamu ya kuwauliza watu mara ya pili. Bi Harcourt alimtuma karani mpya, Projestus, kijana wa Bukoba, msomi, mwandiko wake kama wa kitabuni. Kila nyumba aliyoingia ilikuwa na watu wanne. Nyumba ishirini mfululizo, watu wanne wanne. Projestus, naye alikuwa mkweli, akarudi akasema, "Mama, mimi kuhesabu najua. Hawa watu ndio hawanihesabii."

Ndipo siku moja, saa nne asubuhi, Bi Harcourt akatokea Temeke peke yake. Eufrazia alikuwa uani anakaanga vitumbua. Mgeni akapewa kigoda, akakaa, magoti yakamfikia kidevuni.

"Nilikosea," akasema Bi Harcourt. "Niliomba kitu ambacho hakikuwa changu. Naomba urudi."

Eufrazia aligeuza vitumbua vyote kwanza. Kisha akasema atarudi, ila majina hayataandikwa tena popote. Na kazi ikiisha, majibu yasomwe kwa Kiswahili mbele ya watu wenyewe, kabla hayajapanda meli.

"Lakini bila majina tutajuaje namba ipi ni ya nani?"

"Wanajua wao. Kurasa wanazo."

Na kweli wanazo! Nyumba sitini na moja kati ya sitini na nne zilitoa kurasa au namba zao. Mmoja alikuwa ameshafungia karanga lakini namba ameishika kichwani. Zuena alikuwa ameushonea ukurasa wake ndani ya mto. Familia tatu hazikutaka kuendelea, zikaachwa kwa amani.

Majibu yalisomwa uwanjani Mtoni, Jumapili, na watu wakasahihisha. Walipofika kwenye maji, wanawake wakasema hesabu ya ndoo ni ndogo kuliko kweli, ikapimwa upya palepale. Mwaka uliofuata bomba la maji likafika Mtoni. Zuena aliteka ndoo ya kwanza, akamtumia Eufrazia.

Tangu hapo Bi Eufrazia hakukosa kazi. Aliwafundisha mabinti wa ustawi wa jamii, kundi baada ya kundi, hadi miguu ilipomkatalia.

Miezi miwili kabla hajafariki alitembelewa na mwanafunzi wa chuo, Demetria, aliyekuwa anatafiti upweke wa wazee. Demetria alisalimu, akaomba ruhusa, akafungua karatasi. "Bibi, toka moja hadi tano, upweke wako ni kiasi gani?"

Bibi akacheka hadi akakohoa. "Wa lini, mjukuu wangu? Jana walikuja watoto wa Rosalia, ulikuwa moja. Juzi mvua imeshinda inanyesha, redio haina betri, ulikuwa nne na kitu."

Demetria alitazama karatasi yake. Akaikunja, akaiweka pembeni. "Basi nisimulie juzi, bibi. Ilikuwaje?"

Wakazungumza mpaka chakula cha mchana. Mgeni alipoaga, Bi Eufrazia alimwambia bintiye, "Yule atafaa."

Tunatoa pole kwa bintiye Rosalia, kwa wajukuu na vitukuu, kwa jumuiya yote ya Temeke na kwa ndugu walioko Songea. Mungu ampumzishe pema. Poleni sana.

Nasi tuliobaki, wasikilizaji wapendwa, kabla hujainuka kwenda kuangalia chai yako, jiulize kimyakimya: wiki hii nani amekuamini akakueleza la moyoni mwake, nawe umelipeleka wapi?