Kufuli Moja kwa Diski Zote

Sogeeni, Erasto na Grace, wanangu, nisije nikalazimika kurudia, pumzi zenyewe ndizo hizi. Karakana ya kompyuta hapa Masasi nawaachia, pamoja na programu inayoendesha diski, hiyo mnayoigombania.

Biashara ya korosho ilipofunguliwa na wanunuzi binafsi wakaingia, kampuni moja ilitupa mimi na Hamidu, mwenzangu wa karakana, kazi ya kutunza kompyuta ya ghala lake. Enzi za diski za polepole, programu ilikuwa na kufuli moja la kupeana zamu: prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, inayotaka kuandika inalishika, nyingine zinangoja, na hatukuona hasara kwa kuwa diski yenyewe ilikuwa ikijikokota. Zilipoletwa diski za kasi, zikawa zinakaa bure huku prosesa zikigombania kufuli, na wakulima kutoka Kitangari wakishinda juani na magunia yao, wakingoja uzito uandikwe.

Mimi nilitaka kila prosesa iwe na foleni yake, kufuli libaki pale tu zinapogusa kitu kimoja. Hamidu aliziandika foleni hizo vizuri sana, ila kwa haraka akaondoa kufuli lote, prosesa mbili zikaandika mahali pamoja. Uzito wa korosho za mzee Muharami ukaingia kwenye jina la mtu mwingine, watu wakamzingira Hamidu wakimwita mwizi. Nikasimama mlangoni, nikasema, “Huyu si mwizi. Programu aliyoiandika ina kosa, na tutalirekebisha.”

Wakamwachia. Lakini akahamia Newala, hakunisemesha tena, kwa kuwa nilitaja kosa lake mbele za watu. Nilirudisha kufuli dogo palipohitajika, wakulima wakawa wanapimiwa na kurudi kwao mchana uleule. Sifa nikapewa mimi, na foleni zile ni za mkono wake.

Sasa wewe Erasto unaogopa, unataka turudi kwenye kufuli moja. Grace unataka kuondoa hata lililobaki. Liacheni hilo dogo. Lishikwe kwa muda mfupi, liachiwe, kazi nzito ifanywe nje yake. Na karakana mtaigawa mafungu matatu, la tatu la Hamidu.

Nendeni wenyewe, mumpe shikamoo, mumwambie mama yenu anamhitaji awafundishe.

Grace, niinue kidogo... basi, inatosha. Mungu awape subira, na nyumba zenu zisikaukiwe maji. Msigombane... Gari la Newala huondoka alfajiri. Pandeni kesho. Msingoje mazishi.