Benchi Lisilotoka Mlangoni

Ndugu, majirani na mafundi wenzake, poleni, na asanteni kwa kufika. Mimi ni mdogo wake wa kike. Nimeambiwa nisome kwa ufupi na nisigombane na mtu. La ufupi nitajaribu.

Marehemu kaka yetu, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi kana kwamba mafundi wengine hawapo, alizaliwa tarehe 14 Juni 1951 katika nyumba za wafanyakazi wa reli, chumba cha mwisho karibu na bomba. Alikuwa wa kwanza kati ya watoto watano. Mama alisimulia kwamba hakulia alipozaliwa; mkunga akamchapa kofi, naye akamkazia macho tu. Tabia hiyo hakuiacha.

Alisoma shule ya msingi ng'ambo ya reli, akamaliza darasa la saba mwaka 1966. Alipokuwa darasa la nne, mwenzake alisukuma dawati, likamwangukia kaka mguuni na kuvunjika. Mwalimu akawachapa wote wawili kwa kuharibu mali ya shule. Kaka alirudi nyumbani akichechemea, akamwambia baba, "Nimechapwa kwa kuumia." Baba akamwambia ayaache yapite. Kesho yake alibeba nyundo ya baba akalitengeneza lile dawati, lakini yale hayakupita. Hata uzeeni alikuwa akiyasimulia, na ukicheka alikasirika.

Mwaka 1967 alipelekwa kujifunza kazi ya samani, na mwaka 1975 akafungua karakana yake nyuma ya kituo cha mafuta. Alikuwa na sheria moja: hakuna kiti kilichotoka pale kabla hajakikalia na kunywa chai juu yake, kikombe kizima, taratibu. Kikimuuma kabla chai haijaisha, kilivuliwa kitambaa na kazi ikaanza upya. Wateja walilalamika, "Fundi, mimi nataka kochi langu, wewe unakunywa chai!" Aliwajibu, "Mgongo wako utanishukuru." Na kweli, wengi wenu mnaonisikiliza mna makochi yake, na bado hayajabonyea.

Tarehe 8 Agosti 1978 alimwoa wifi yangu, aliyekaa pale mbele. Kwa kutaka kumfurahisha bibi harusi, alimuundia kitanda humo humo chumbani mwao, kikubwa, cha mbao ngumu, kila kiungo kimepigwa gundi. Walipohama miaka miwili baadaye, kitanda kilikataa kupita mlangoni. Fundi mzima! Ilibidi akikate katikati kwa msumeno wake mwenyewe huku wifi akicheka hadi machozi. Tangu siku hiyo, kila alipoanza kazi kubwa, wifi alimuuliza, "Baba watoto, umepima mlango?"

Sasa nifike pale nilipoambiwa nipite haraka. Sipiti haraka.

Mwaka 2009, kitinda mimba wake, binti, alikuwa akiuza katika duka la dawa. Mwanamume mmoja aliyenyimwa dawa kwa kukosa cheti cha daktari alimvizia akifunga duka, akamvunja mkono kwa nondo. Alikamatwa, na akapewa dhamana kabla binti yetu hajatoka hospitali. Kesi ikaanza kuahirishwa. Leo faili halionekani, kesho wakili anaumwa jino, keshokutwa hakimu yuko semina. Na kila tulipokwenda mahakamani, benchi la kungojea lilikuwa moja tu korido nzima. Mshtakiwa na kaka zake walikuwa wamelijaza, wamekunja nne. Binti yetu, mkono shingoni, alisimama ukutani mbele yao, nao wakimtazama na kumcheka. Hakuna aliyemwita kwa jina. Alikuwa shahidi namba moja, basi.

Siku moja njiani akasema, "Baba, mimi sirudi tena pale. Waifute tu." Sote tulijua maana yake: asiposema yeye, hakuna kesi, na yule bwana anaondoka zake akipiga mluzi. Mimi nilimgombeza. Kaka hakumgombeza. Alimuuliza, "Ukipata pa kukaa wasipokuona, utarudi?" Binti akasema, "Nitarudi."

Jumamosi iliyofuata kaka alimwambia mlinzi wa mahakama kwamba amekuja kutengeneza benchi. Mlinzi alikuwa mteja wake, akafungua. Mbao ziliingia moja moja, na humo humo koridoni, upande wa mwisho, kaka akaunda benchi lenye mgongo mrefu kupita kichwa cha mtu na mabawa pande zote mbili, limelipa kisogo benchi la washtakiwa. Akaliwekea sponji na kitambaa cha kijani. Kisha akalikalia akanywa chai yake yote.

Jumatatu karani mkuu akang'aka, "Nani kaleta dude hili? Litoke sasa hivi!" Walinzi wanne wakalibeba hadi mlangoni. Wakalilaza, halipiti. Wakalisimamisha, halipiti. Wakaligeuza miguu juu, ng'o! Hakimu akatoka ofisini kwake, akauliza kwa nini kesi hazianzi. Akaambiwa ni benchi. Akasema, "Lirudisheni, tuanze." Jamani, kesi iliyoahirishwa kwa jino la wakili, siku hiyo iliharakishwa na benchi! Binti yetu akakaa, hakuna aliyemwona, na alipoitwa aliingia akasema yote, kwa sauti, bila kulia.

Wifi alimuuliza mumewe, "Kumbe bado hupimi mlango?" Akajibu, "Safari hii nilipima."

Mtataka kujua hukumu. Yule bwana alipewa kifungo cha nje, miezi sita. Asubuhi hiyo hiyo kijana aliyeiba mtungi wa gesi alifungwa miaka mitatu. Binti yetu hata hakuarifiwa siku ya hukumu; alisikia kwa fundi viatu wa nje ya mahakama. Mimi hadi leo nawaka hasira. Kaka naye ilimuuma, alilia karakanani, nilimwona. Lakini alisema, "Hukumu ni yao. Mwanangu kasema, na wamemsikia." Tangu hapo, kila mwaka alikwenda kubadilisha kitambaa cha benchi lile, kwa gharama yake, na hakuna karani aliyethubutu kumzuia. Wapo hapa leo waliolikalia. Sitawaomba msimame. Kaeni tu, ndivyo alivyotaka.

Mwaka 2021 aligundulika na ugonjwa wa mapafu. Alitibiwa kwa muda mrefu, akilalamikia zaidi viti vya wodini kuliko kifua chake. Alifariki tarehe 3 Novemba 2023, alfajiri, kitinda mimba wake akiwa amemshika kwa mkono ule ule uliovunjwa.

Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu saba, sisi wadogo zake wawili, na mafundi wengi aliowafunza. Hao ndio waliomtengenezea jeneza, karakanani kwake. Walipoanza kupiga gundi, wifi yangu alifika na futi kamba, akapima mlango.

Pumzika kwa amani, kaka yetu. Umepita vizuri.