Mama Kombati na Makoti Yake ya Jeshi (1956–2024)

Marehemu, ambaye soko zima lilimwita Mama Kombati, alizaliwa tarehe 9 Machi 1956, kitinda mimba wa fundi cherehani na mkewe aliyekuwa dobi. Mwenyewe alipenda kusema alizaliwa na pini mdomoni, na kwa jinsi ulimi wake ulivyochoma, hakuna aliyembishia.

Alisoma hadi kidato cha nne. Alipenda historia, ingawa alimchosha mwalimu. Wenzake wakikariri tarehe za vita, yeye aliinua mkono: "Mwalimu, hao askari walivaa nini? Na baridi yote ile!" Mwalimu alicheka, kisha akaanza kumletea magazeti ya zamani yenye picha.

Mwaka 1977 alifungua kibanda cha mitumba, akiuza makoti yaliyobaki baada ya vita vya ng'ambo. Hakuuza koti bila kulieleza. Alionyesha kofia iliyokunjwa ndani ya kola, mkia wa koti refu uliofungwa mapajani kuzuia upepo, na bitana ya rangi ya chungwa ambayo rubani aliyeanguka aliigeuza nje ili waokoaji wamwone. "Aliyebuni hili," aliwaambia wateja, "alitaka mtoto wa mwenzake arudi nyumbani."

Kibanda cha jirani kilikuwa cha fundi kijana mwenye ujanja wake: alishonea nembo za kuokota kwenye koti lolote na kuliita la rubani. Marehemu akashika moja, akaligeuza.

"Fundi, huyu rubani wako alirukia wapi?"

"Kwani vipi, dada?"

"Koti la askari wa miguu hili. Na uzi wa nembo bado unanukia duka."

Fundi hakununa. Alifumua nembo zote palepale, na haukupita mwezi akatuma watu kwao kumposa. Walifunga ndoa tarehe 14 Juni 1980, wakajaliwa binti wawili na mwana mmoja.

Mwaka 2015 alipatwa na presha ya macho, na miaka miwili baadaye akapoteza uwezo wa kuona kabisa. Akajifungia chumbani. "Kibanda kiuzeni," alisema. "Kipofu atamweleza nani koti?" Mkamwana wake hakubishana naye; alimwekea koti mapajani, akasema limemshinda kulitambua. Marehemu akalisukuma. Kisha vidole vikarudi vyenyewe, vikapanda na zipu, vikaingia kwenye kola.

"Zipu ya shaba hii, mama. Husikii ilivyo nzito? La zamani hili." Akalikunja, akamrudishia. "Haya, lete jingine."

Kesho yake alikuwa mlangoni, viatu miguuni, akiwagombeza wote kwa kumchelewesha. Aliendelea kuuza kwa kupapasa, huku mkamwana wake akijifunza kando yake kwa kufumba macho.

Mapema mwaka huu moyo wake ulidhoofika, akalazwa. Alipopimwa mapigo, alishika koti la daktari: "Mwanangu, kifungo hiki kimelegea. Kishone kabla hakijakukimbia." Aliaga dunia kwa utulivu tarehe 2 Agosti 2024, mumewe akiwa kando yake.

Ameacha mume, watoto watatu, mkamwana, wajukuu watano na dada yake mkubwa. Kibanda kitafunguliwa Jumatatu, kama alivyoagiza.

Mungu amlaze pema. Apumzike kwa amani, mama yetu.